Kipindi Kimefika Bondeni

Iko nchi moja, msiniulize iko upande gani maana wenyewe hawapendi kunyooshewa kidole, inaitwa Jamhuri ya Shwari. Katika nchi hiyo halitokei baya lolote mpaka litangazwe redioni, na redioni halitangazwi baya lolote, kwa hiyo mambo ya Shwari ni mazuri asubuhi, mchana na jioni. Mvua ikizoa daraja, wananchi huambiwa kwamba mto umepanuliwa. Bei ya unga ikipanda, huambiwa kwamba unga umepewa heshima yake. Nao husikiliza, hushukuru, kisha huenda kutafuta mihogo.

Redio ya nchi ilikuwa moja tu, Redio Shwari, na sauti ya redio hiyo ilikuwa moja tu, ya Tamimu Kilongola, msomaji wa taarifa ya habari. Ukimwona njiani alikuwa mtu mwembamba wa shingo ndefu, ambaye wauza duka humsahau akiwa bado mbele yao anangoja chenji. Lakini mbele ya kipaza sauti alikuwa akishusha sauti nene, yenye utulivu na ubaba, mpaka watu waliokuwa wakigombana huacha kwanza wamsikilize. Siku moja aliteleza ulimi akasema ni saa tatu asubuhi, kumbe ni saa nne. Nchi nzima ikarudi nyuma. Walimu walifundisha upya somo walilokwisha kulifuta ubaoni, mahakama ikamhukumu tena mtu iliyekwisha kumwachia huru, na wale wabishi wachache waliofuata jua wakakatwa mshahara kwa kutoroka kazini mapema. Tamimu aliposikia hayo alijitia kusikitika, ila moyoni alifurahi sana.

Aliishi Mtaa wa Uwanjani na shangazi yake, Bi Chausiku, aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Bi Chausiku hakuwa na imani na vitu vingi. Hakuamini mizani ya muuza nyama wala dawa za kupaka, lakini redio aliiamini, maana ndani yake alikuwemo mwanawe. Taarifa ya jioni ilikuwa ikirudiwa kwa mkanda wakati wa chakula, na Tamimu akithubutu kuomba chumvi katikati yake, Bi Chausiku alimnyamazisha.

"Shh! Tamimu anasoma."

Naye Tamimu, huku akitabasamu, alikula chakula bila chumvi akijisikiliza.

Sasa katika nchi hiyo kulikuwa na ofisi kubwa yenye mazulia, iliyoitwa Mamlaka ya Utulivu wa Masikio. Kazi yake ilikuwa kulinda masikio ya raia yasiumizwe. Kila neno la taarifa ya habari lilipita hapo kwanza, likaonjwa jinsi mpishi anavyoonja mchuzi, na lililoonekana kali likastaafishwa. Neno "njaa" lilikuwa limestaafu zamani, tena kwa sherehe na zawadi. Neno "mgomo" lilikuwa likizo isiyo na malipo. Mkurugenzi Mkuu alikuwa Dakta Fulgensi Ngwandu, na huo udaktari alitunukiwa na Mamlaka hiyohiyo kwa mchango wake katika fani ya kusikia.

Asubuhi moja Dakta Ngwandu aliitisha kikao cha dharura. Tamimu naye aliitwa, akakaa kwenye kiti cha pembeni, maana kazi yake ilikuwa kusema kama neno fulani linasomeka au halisomeki.

"Ndugu wajumbe," alianza Dakta, mikono ameiweka tumboni, "nchi yetu imevamiwa na neno."

Wajumbe wakashtuka kwa heshima.

"Muuguzi wa zahanati ya Bondeni, mmoja anaitwa Roda, ametuletea ujumbe. Anadai kwamba Bondeni kumeingia..." Akatazama mlango kama umefungwa. "Nitalitaja mara moja tu, wenye moyo mwepesi wazibe masikio. Kipindupindu. Anasema kimetoka katika kisima cha pale sokoni, na anatuomba tuwatangazie watu wachemshe maji. Sasa, ugonjwa si tatizo. Ugonjwa una dawa. Tatizo ni neno, maana neno halina dawa! Neno hili likitoka nje, wageni watafunga mabegi na wafadhili watafungua midomo. Naomba mapendekezo ya neno mbadala, lenye staha, lenye kujenga taifa."

Mkuu wa Itifaki alipendekeza "tumbo la ukarimu". Mkuu wa Takwimu akasema yeye angeona vyema "utokaji wa kasi". Mama mmoja wa Idara ya Utamaduni alileta "maji kurudi nyumbani", akapigiwa makofi kidogo, lakini Dakta akasema lina uchungu wa kishairi na ushairi haujapitishwa kwenye bajeti.

Hakuna aliyemuuliza Tamimu kitu. Angekaa kimya tu wakati ule, nisingeona haya kuisimulia hadithi hii. Lakini alikuwa na werevu unaomwasha, akaona wakubwa wanahangaika, na akili yake ikamwambia kwamba leo ndiyo siku ya kuhama kiti cha pembeni.

"Mheshimiwa," akasema kwa ile sauti yake ya kazini, "kwani lazima tulibadilishe? Tulipunguze tu. Kipindupindu. Tukikata huku nyuma kote kunakopinduka, tunabaki na kipindi."

Dakta Ngwandu akalitia lile neno mdomoni, akaligeuza upande huu na upande huu.

"Kipindi," akasema polepole. "Bondeni inapita katika kipindi. Halina harufu! Kwa kweli maisha yote ni kipindi. Mvua ni kipindi. Ukame ni kipindi."

"Hata uongozi ni kipindi," akachangia Mkuu wa Takwimu, ambaye alihamishiwa mkoa wa mbali kabla ya chakula cha mchana.

Makofi yalipigwa mpaka vikombe vikalia juu ya meza. Dakta alimpa Tamimu mkono, mpiga picha akaitwa, mkono ukapewa tena vizuri zaidi. Wakati wanatoka, Tamimu alikumbuka jambo dogo.

"Na ile ya kuchemsha maji, Mheshimiwa?"

"Bwana Kilongola," akasema Dakta kwa upole, "ukimwambia mama achemshe maji, atakuuliza kwa nini. Sisi hatutaki maswali yaanzie jikoni."

Tamimu akaona kwamba ni kweli, au akataka kuona hivyo. Mchana akavaa tai, akaketi mbele ya kipaza sauti, akashusha ile sauti.

"Habari zilizotufikia hivi punde zinasema kwamba kipindi kimefika Bondeni. Wataalamu wetu wako huko, na kila kitu kinaendelea vizuri. Wananchi mnaombwa muwe watulivu."

Ilisomeka vizuri kuliko habari zote za mwaka ule.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho wakubwa wa Mamlaka hawakukijua, kwa sababu wao hawakuwa wakisikiliza redio. Wao walikuwa wakiisimamia. Redio Shwari ilikuwa na kipindi cha salamu, kilichopendwa kuliko hata taarifa ya habari. Gari lenye vipaza sauti lilizunguka mtaa kwa mtaa, watu wakapanga foleni, kila mmoja akatuma salamu kwa wajomba, mawifi na wote wanaomfahamu, na aliyesalimia vizuri akapewa kanga au mche wa sabuni. Watu hawakujisumbua na jina lake refu. Gari lile likionekana, walisema tu: kipindi kimefika.

Kabla jua halijageuka, Bondeni ilifurika. Walikuja kina mama waliovaa sare, na wazee wenye vigoda, na vikundi vya ngoma vilivyokuwa na ugomvi wa muda mrefu na sasa vilitaka kusalimiana hadharani. Wauza karanga walikuja. Mtu mmoja alimleta mbuzi wake, akisema naye ana jamaa zake huko bara wa kusalimiwa. Wenyeji wa Bondeni hawakuliona gari lolote, lakini Kilongola amesema kipindi kimefika, basi kimefika. Labda wataalamu bado wanafunga nyaya. Wakaona aibu kukaa na wageni kavukavu. Wakachota maji katika kisima cha sokoni, wakakoroga juisi ya ukwaju, wakazungusha vikombe.

Muuguzi Roda alitoka zahanati mbio, gauni lake jeupe limelowa, akapanda juu ya meza ya muuza samaki.

"Jamani rudini makwenu! Msinywe hayo maji! Watu wanakufa humu!"

Umati ukampigia makofi. Walidhani ndiye mshereheshaji, ameanza na vichekesho. Bibi mmoja akamvuta gauni akamuuliza kama majina yanaandikishwa kwake.

Habari zilipofika Mamlaka, Dakta Ngwandu alipanda juu ya paa na darubini, na machozi yakamlengalenga.

"Tazameni," akawaambia wajumbe. "Nchi za wenzetu, hali kama hii watu hukimbia. Wa kwetu wanaikimbilia! Hii ndiyo imani."

Asubuhi iliyofuata, ujumbe wa wazee wa Kilimani ulifika Mamlaka umenuna. Walitaka kujua wao wana kosa gani hata kipindi kiende Bondeni tu, na kama Kilimani si sehemu ya nchi basi waambiwe. Mbunge wao akaona hilo ni jambo la kura. Akasimama juu ya gari lake akaapa: "Nawahakikishia, ndugu zangu, kipindi kitaingia katika kila nyumba ya jimbo hili kabla ya uchaguzi!" Katika historia yote ya Shwari, hiyo ndiyo ahadi ya kwanza ya mbunge iliyotekelezwa.

Tamimu alisikia hayo yote akiwa ofisini. Mwanzoni alicheka, kwa sababu wenzake walikuwa wakicheka. Kisha mtu akasema Bondeni wameanza kuzika, na kicheko kikamkauka mdomoni. Aliona haya ghafla, haya ya kweli, ile ya kumfanya mtu mzima atazame viatu vyake. Ofisi nzima ilimpongeza kwa neno lake, na kila aliyempongeza alimwongezea haya.

Jioni aliporudi nyumbani, alimkuta Bi Chausiku anapiga pasi kanga yake mpya. Kigoda kilikuwa kimefutwa vumbi, kipo tayari mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Hebu niangalie, hii itanikaa, au inanionyesha nimezeeka?"

"Imekukaa. Unakwenda wapi?"

"Bondeni, kesho asubuhi. Kwenye kipindi."

Tamimu akakaa chini bila kuvua viatu.

"Kufanya nini kule?"

"Watu wanakwenda kufanya nini kwenye kipindi? Kutuma salamu. Na za kwanza ni zako."

"Shangazi, mimi si tunaonana hapa kila siku?"

"Kuonana ni kuonana. Mimi nataka nchi nzima isikie kwamba Chausiku anamsalimu mwanawe. Wewe unawasemesha watu wote humo redioni, wewe mwenyewe nani kakusemesha?"

Maneno hayo yalimchoma. Akatafuta la kusema, akapata la kijinga.

"Jua la kesho litakuwa kali."

"Nina mwavuli."

"Shangazi, nisikilize. Kile si kipindi cha salamu."

"Ni cha nini?"

Tamimu alifungua kinywa. Neno lilikuwa hapo hapo, zima, na mkia wake wote. Akalizunguka.

"Kuna watu wanaumwa kule. Matumbo."

Bi Chausiku akaiweka pasi pembeni, akamcheka.

"Wewe nawe! Watu waumwe mji mzima, halafu wewe usome kwamba kila kitu kinaendelea vizuri? Wangekuwa wanaumwa si ungetangaza?" Akakunja kanga. "Au siku hizi unawadanganya watu huko redioni, Tamimu?"

Aliuliza kwa mzaha tu, namna mtu anavyomuuliza mwanamume mwenye ndevu kama bado anakojoa kitandani. Hakuwa akingoja jibu. Lakini Tamimu alijua kwamba ameulizwa, na kwamba akisema ndiyo, shangazi yake atabaki nyumbani. Ni neno fupi, hata kulitafuna hakuhitajiki. Lakini aliona uso ule utakavyokuwa akishalisikia, uso uliomlea, uliokuwa ukiwanyamazisha watu wote mezani kwa ajili yake. Akashindwa.

"Hapana, shangazi."

"Basi."

"Ila ukienda, usinywe maji ya watu."

"Nikaribishwe nikatae? Waseme najivuna kwa sababu mwanangu ni Kilongola? Hebu vua viatu ule."

Akavua viatu, akala. Chakula kilimshinda, lakini alikimaliza ili asiulizwe.

Kesho yake taarifa ya asubuhi ilikuwa hiyohiyo, na Tamimu aliisoma. Alikuwa bado amevaa tai pale simu ya mezani ilipolia. Alikuwa ni muuguzi Roda, sauti imemkauka kwa kupiga kelele.

"Wewe ndiye Kilongola? Nina mama hapa anasema ni wako. Njoo."

Zahanati ya Bondeni ilikuwa na vyumba viwili, na wagonjwa walikuwa wamefika mpaka barazani, juu ya mikeka, juu ya kanga za sherehe. Waliposikia kwamba huyu ndiye Kilongola, wale wenye nguvu walijaribu kuinuka wampe heshima. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mzee mmoja mwenye macho yaliyozama alimshika suruali.

"Kilongola, mwanangu, tumefika kwenye kipindi chako, tukashikwa na matumbo njiani. Zangu unaweza ukazichukua hapahapa? Nawasalimu wakwe zangu wote wa Kilimani. Waambie mimi mzima."

"Mimi wangu yuko machimboni," akasema mwanamke wa mkeka wa pili, taratibu, akipumzika kila neno. "Mwambie arudi."

Wakaanza kumpa salamu kutoka kila upande, kwa zamu, bila kusukumana, kama watu walio kwenye foleni. Tamimu alisimama katikati yao na tai yake. Angeweza kuomba ardhi ipasuke, lakini hata kuomba aliona haya.

Bi Chausiku alikuwa pembeni ya dirisha. Kwa asubuhi moja tu mwili ule mnene ulikuwa umekauka. Aliondoka nyumbani kabla hakujapambazuka, akanywa vikombe vya watu wote asije akamvunjia mtu heshima. Alikuwa amesinzia. Roda alimvuta Tamimu pembeni.

"Dawa yao kubwa ni maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari. Hapa najitahidi. Lakini kila saa wanakuja wengine, na wanakuja wanaimba. Mimi nimepiga kelele mpaka nimekuwa kichekesho. Nenda kaseme neno moja kwenye hicho chombo chako. Moja tu. Si unalijua?"

"Nalijua," akasema Tamimu.

Alirudi studio kwa miguu, karibu anakimbia. Taarifa ya mchana ilikuwa imekwisha kuonjwa na kuletwa: kipindi kimeingia Kilimani, na wananchi wamekipokea kwa shangwe. Taa nyekundu ikawaka. Tamimu akaisukuma karatasi pembeni.

"Hapa ni Redio Shwari. Msomaji wenu ni mimi, Tamimu Kilongola. Ugonjwa ulioko Bondeni na Kilimani ni kipindupindu. Ni kipindupindu. Hakuna salamu, hakuna gari. Neno kipindi nimelitunga mimi, ili mnifurahie... ili wanifurahie wakubwa. Nisameheni. Msinywe maji bila kuyachemsha. Na aliyekwisha kuugua, mpeni maji yaliyochemshwa, yatieni chumvi na sukari."

Aliyasema yote. Lakini msione ajabu kwa litakalofuata, maana sauti aliyoyasemea haikuwa ile. Ile nene, ya ubaba, aliitafuta asiipate. Aibu ilikuwa imemkaba, na sauti iliyotoka ilikuwa yake ya nyumbani, nyembamba, ya kuomba chumvi. Nayo nchi haikuwahi kuisikia.

Simu zikaanza kulia kabla hajanyanyuka kitini. Wananchi walikuwa wamekasirika mno. Kuna mhuni ameingia studio, walisema. Anaiga sauti ya Kilongola, tena anaiga vibaya! Mama mmoja alilia kwenye simu akitaka aambiwe kama Kilongola mwenyewe yu salama. Watu wa Kilimani walijitolea kuja na fimbo.

Dakta Ngwandu aliingia studio, na Tamimu akajiandaa kwa pingu. Lakini Dakta alikuwa anang'aa kwa furaha.

"Bwana Kilongola, wananchi wamekuokoa! Wasikilizaji wa namna hii hawanunuliwi. Wamelindwa masikio mpaka sasa yanajilinda yenyewe." Akamshika bega. "Kuna mwigaji ameingia humu, akasema maneno machafu. Tumekwisha kuweka mkanda wako wa jana, nchi imetulia. Huyo mwigaji tukimpata atafungwa, maana kuiga sauti ya taifa ni kosa kubwa. Wewe humjui, sivyo?"

Mlango ulikuwa wazi. Ukutani, kutoka kwenye kipaza sauti cha ofisi, sauti nene ilikuwa inasema kila kitu kinaendelea vizuri. Tamimu aliisikiliza. Ilikuwa sauti nzuri sana.

"Simjui," akasema.

Akatoka nje. Alifika nusu ya njia ndipo akaelewa alichokisema, akasimama barabarani, mikono kichwani, na watu wakampita bila kumtambua. Aliona heri hata ile fimbo ya Kilimani.

Alipofika zahanati, alimkuta Roda amesimama na birika katikati ya mikeka, amekata tamaa.

"Wamekataa," akasema. "Tangu uliposema, hakuna anayekunywa. Wanasema maji ya kuchemsha, ya chumvi na sukari, ni maji ya yule mwigaji."

Kidirishani kulikuwa na redio ndogo, na ndani ya redio Tamimu alikuwa akisoma taarifa yake ya jana. Wagonjwa walikuwa kimya wanamsikiliza, nyuso zimetulia. Bi Chausiku alikuwa macho. Alipomwona akatabasamu kwa shida.

"Umesikia, baba? Leo kuna mtu kakuiga. Hana hata haya. Anasema eti kipindupindu." Akapumzika, akavuta pumzi. "Nimewaambia wote humu: huyo si Tamimu. Tamimu mimi nimemlea. Hawezi kuwaambia watu leo hivi, kesho vile."

"Kweli mama," akaitikia yule mzee mwenye macho yaliyozama. "Hata sauti haifanani."

Wote wakamtazama Tamimu, wakingoja aseme tu kwamba si yeye, wapumzike. Ilikuwa ni mara ya pili siku hiyo mtu anamfungulia mlango wa kutokea, na safari hii aliyeushika ni shangazi yake, kwa mapenzi.

Tamimu akapiga magoti kwenye mkeka.

"Ni mimi, shangazi."

"Wewe nini?"

"Yule wa mchana ni mimi. Ni kipindupindu. Mnakufa kwa maji ya kisima, na dawa yenu imo kwenye birika la Roda."

"Kwa sauti ile?"

"Ndiyo sauti yangu. Ndiyo hii ninayosemea hapa."

Bi Chausiku akageuza macho kwenye redio, akamsikiliza yule wa ndani, kisha akamrudia huyu wa kwenye mkeka. Alikwenda na kurudi hivyo mara kadhaa. Aliwajua wote wawili.

"Na huyu?" akauliza, akielekeza kidevu kidirishani.

"Na huyo ni mimi."

"Jana jioni nilikuuliza, Tamimu."

"Uliniuliza."

"Nilikuwa napiga pasi. Nikakuuliza."

"Nikakwambia hapana."

Mwanamke wa mkeka wa pili alinyoosha mkono, akaizima redio. Mzee akataka kujua kama basi salamu zake kwa wakwe hazitasomwa. Akakohoa, akajifuta uso kwa kanzu, akainua kikombe chake kuelekea birika. Wa jirani yake akainua chake. Roda akaanza kumimina haraka haraka, asingoje wabadili mawazo.

Tamimu alichukua kikombe cha shangazi yake, akakijaza, akakijaribu kwa mdomo kama kina moto, akamnyooshea kwa mikono miwili. Bi Chausiku alikitazama kile kikombe. Akaitazama na mikono iliyokishika. Kisha akageuza uso upande wa muuguzi.

"Nipe wewe, mwanangu," akamwambia Roda.

Roda akakichukua kikombe mikononi mwa Tamimu, akamwinua bibi yule kichwa, akamnywesha.